Makovu ya Dukani

Mwaka 2009 kampuni ya Fender ya Marekani ilitia sokoni safu ya magitaa iliyoitwa Road Worn, yaani yaliyochakazwa na safari. Magitaa hayo hayakuwa yamesafiri popote ila kutoka kiwandani Mexico hadi dukani. Yalikuwa mapya kabisa. Hayajapata kuegemewa na mpigaji wala kulowa jasho la jukwaani. Hata hivyo, rangi ilikwisha kukwanguliwa pale ambapo kiwiko kingesugua kwa miaka thelathini, vyuma vimefifizwa vikaonekana kuukuu, na nyuma ya shingo vanishi imesuguliwa mpaka mti ukachungulia. Gitaa la besi nalo lilikuwamo. Tangu mwaka 1995 karakana maalumu ya kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikiwauzia wachache uchakavu wa namna hiyo kwa bei kubwa. Safari hii makovu yaliletwa kwa wingi.

Mnunuzi wa gitaa kama hilo hanunui mti na nyuzi tu. Ananunua wasifu. Ananunua usiku ambao hakukesha, gari bovu ambalo hakulisukuma, na ukumbi wenye moshi ambao hakuupigia. Akiulizwa anatafuta nini, aghalabu atajibu kwamba anaitafuta ile sauti: besi ya panki ya miaka ya sabini, nzito, yenye kukwaruza, inayokwenda mbele kama mtu aliyechelewa. Ninadai katika makala haya kwamba sauti hiyo haiuzwi. Kwamba anayeisaka kwa njia hii anaizika. Na kwamba msiba huo si wa Wamarekani na Waingereza peke yao, maana maradhi yenyewe yamo humu humu katika fani tunazozihudumia katika kurasa hizi.

Kwetu sisi neno panki lilitua kichwani kabla ya kutua sikioni. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walinyoa panki, wakasifiwa na wenzao na kukemewa na wazee, bila ya kupata kusikia hata wimbo mmoja wa muziki uliokipa kichwa hicho jina lake. Siwalaumu, ujana una njaa ya umbo. Lakini kisa hicho kidogo cha kinyozi kinatufunza jambo kubwa, nalo ni kwamba umbo hutembea haraka kuliko maana, na mara nyingi hufika peke yake. Gitaa lililokwanguliwa kiwandani ni panki ya kinyozi iliyopandishwa bei.

Tuanze na chombo chenyewe, tusije tukabishana juu ya kivuli. Mpenzi wa taarab analijua dabalbesi: chombo kirefu kuliko mpigaji wake, chenye tumbo la mti, ambacho sauti yake huhisiwa kifuani kabla ya kusikika. Kukibeba ni kazi, na kuipata noti yake ni kazi zaidi, kwa kuwa shingo yake haina alama. Sikio na kidole hutafutana gizani. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, ambaye yeye mwenyewe hakuwa mpigaji wa gitaa, alileta jibu la kifundi: ubao bapa usio na tumbo, nyuzi nne, sumaku ya kudaka mtetemo wa nyuzi, na shingo iliyopandwa vijiti vya chuma ili kidole kikibonyeza kipate noti kamili. Ndiyo maana chombo kikaitwa Precision, yaani usahihi. Shingo ilifungwa kwa skrubu, ili ikiharibika ibadilishwe. Mwaka 1957 sumaku ile ikagawanywa vipande viwili, na umbo hilo ndilo linaloigwa mpaka leo. Tuzingatie basi kwamba hiki kilikuwa chombo cha kazi, ndugu wa nyundo na cherehani. Hakikuundwa kiwe turathi.

Besi ya umeme haina kauli bila ya amplifaya. Mwaka 1952 Fender alitoa amplifaya ya Bassman, maalumu kwa besi. Ndani yake mlikuwa na valvu, zile chupa za kioo zenye kuwaka wekundu ambazo wazee wetu walizijua ndani ya redio kubwa za sebuleni. Valvu ikipewa kazi iliyo ndani ya uwezo wake huikuza sauti kwa usafi. Ikizidishiwa, haiikati ghafla, bali huibana na kuichubua, na kutokana na mchubuko huo sauti hupata unene na ukali unaopendwa. Huko London amplifaya za Marekani zilikuwa ghali na adimu. Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki katika mtaa wa Hanwell, yeye na mafundi wake waliufuata mpango wa ndani wa Bassman, na kuanzia mwaka 1962 wakaunda amplifaya yao wenyewe kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Vipuri vilipotofautiana, sauti nayo ikatofautiana, na tofauti hiyo ikaja kuwa sauti ya roki ya Kiingereza. Huo ulikuwa uigaji, sikatai. Lakini kilichoigwa ni kazi ya kitu, sababu yake ilikuwa uhaba, na uhaba ukazaa kitu kipya. Hakuna aliyeikwaruza amplifaya ya Marshall ili ionekane imetoka California.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba vyombo vyote ni sawa. Mti, sumaku, nyuzi, valvu na spika, kila kimoja kina neno lake. Nyuzi za chuma zilizozungushiwa waya wa mviringo zina makali ambayo nyuzi za waya bapa hazina. Kupiga kwa kipande cha plastiki badala ya ncha za vidole huipa kila noti mgongano mwanzoni mwake. Anayesema hayo ni porojo hajapata kusimama karibu na spika. Lakini katika orodha hiyo yote, msomaji, hebu litafute kovu. Itafute rangi iliyobanduka. Haimo. Mtetemo wa uzi hudakwa na sumaku, na sumaku haina macho.

Sasa twende New York, katika mtaa wa Forest Hills, ambako mwaka 1974 lilizaliwa kundi la Ramones. Johnny, mpiga gitaa wao, alinunua gitaa la Mosrite kwa zaidi kidogo ya dola 50, kwa kuwa ndilo aliloweza kulinunua. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Aprili 1976, iligharimu dola 6,400 na kurekodiwa kwa kiasi cha wiki moja: nyimbo 14, zisizofika nusu saa kwa jumla. Besi ya Dee Dee imewekwa upande mmoja na gitaa upande wa pili, hata msikilizaji akizima spika moja huweza kuisikia besi imejitenga na kelele. Hilo ni darasa kamili, na halina ada. Mwenye kusikiliza atagundua kwamba siri ya mpigo huo haimo ndani ya mti. Imo katika mkono unaoshuka, ukashuka tena, na kushuka tena, kwa kasi ambayo humchosha mtu mwenye afya yake kabla ya wimbo wa tatu. Mkono huo haukuuzwa katika duka lolote. Ulikuwa wa watu wasiojua mapambo ya muziki, wakaamua kwamba hicho kidogo wanachokijua watakipiga kwa nguvu zao zote.

London ya mwaka 1976 nayo ilikuwa na sababu zake. Nchi ilikuwa na zaidi ya watu milioni moja wasio na kazi, na vijana waliomaliza shule waliikuta milango imefungwa. Muziki uliotawala ulikuwa wa mabingwa: majukwaa makubwa, malori ya vyombo, na vipande virefu vya kuonesha ustadi. Panki ikasema kinyume chake, kwamba atakayejua kubonyeza nyuzi kwa namna tatu tu ana haki ya kupanda jukwaani. Paul Simonon wa kundi la The Clash alitoka katika chuo cha uchoraji, hajui besi. Akaandika majina ya noti juu ya shingo ya chombo chake ili ajue pa kuweka kidole. Masikio yake yalikuwa yamelelewa na rege ya Wajamaika wa kusini mwa London, na ndiyo maana besi yake huacha nafasi na kupumua wakati gitaa linapopiga kelele. Sauti hiyo ilitoka Brixton na Kingston kabla ya kutoka Fullerton. Atakayenunua besi kama ya Simonon bila ya kuisikiliza rege amenunua mtungi akayaacha maji.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Picha ya mpiga besi wa panki iliyoenea duniani kote ni ya Sid Vicious wa Sex Pistols, besi yake ya Precision ikining'inia chini ya kiuno. Wako wanaotafuta besi ya rangi ile ile na mkanda wa urefu ule ule, wakidhani ndiyo njia ya kuifikia sauti ya albamu ya Never Mind the Bollocks ya mwaka 1977. Lakini sehemu kubwa ya besi ya albamu hiyo ilipigwa na Steve Jones, mpiga gitaa wa kundi, kwa kuwa Sid alikuwa bado hajaweza. Anayeifuata picha hiyo anauiga mkanda wa mtu mmoja akitaraji sauti ya mkono wa mwingine. Huo ndio usahihi wa soko la kumbukumbu!

Tarehe 20 Septemba 1979, katika ukumbi wa Palladium, New York, Simonon aliinyanyua besi yake na kuipiga sakafuni mpaka ikavunjika. Amepata kueleza kwamba alikasirishwa na kuona watazamaji wamezuiwa kuinuka vitini. Mpiga picha Pennie Smith aliinasa dakika hiyo. Picha ilikuwa na ukungu, na mwenyewe hakutaka itumike, lakini ndiyo iliyokuja kuwa jalada la albamu ya London Calling, iliyotoka Desemba mwaka huo. Mwaka 2019 vipande vya besi hiyo vilioneshwa katika jumba la makumbusho la mji wa London. Sina kinyongo na kabati lile la kioo. Kovu lile ni la kweli: lina tarehe, lina ukumbi, lina ghadhabu ya mtu anayejulikana kwa jina. Linalonishangaza ni jingine. Besi hiyo ilikuwa ya miaka ya sabini, zama ambazo wajuzi wa vyombo walizibeza kwa muda mrefu, wakidai kwamba tangu kampuni kubwa ya CBS ilipoinunua Fender mwaka 1965 kazi ililegea na vyombo vikawa vizito. Wapiga panki walivipiga vyombo hivyo kwa kuwa ndivyo vilivyokuwapo. Leo vyombo vya miaka hiyo hiyo vinaitwa vya kale, navyo vinauzwa kwa bei ya mambo ya kale. Mti ni ule ule. Walioupa thamani ni watu waliopita juu yake, na watu hao walikuwa hawana thamani yoyote machoni mwa soko siku walipoununua.

Hapa ndipo dhara lilipo, na ndipo ninapotoka katika mzaha. Lile Mosrite la kwanza la Johnny Ramone liliibwa. Alilolipata baadaye na kulitumia kwa miaka mingi liliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa zaidi ya dola 900,000. Joe Strummer wa The Clash alifariki Desemba 2002; mwaka 2007 Fender ilitoa mfano wa gitaa lake la Telecaster, nao uchakavu wake ukaigizwa kiwandani. Bei za mnada ni mchezo wa matajiri, na tungeweza kuwaachia wacheze. Lakini bei hushuka ngazi. Gitaa kuukuu la kawaida, ambalo zamani lilikuwa ndilo fungu la kijana asiye na kitu, sasa hukaguliwa nambari, husomwa tarehe iliyoandikwa ndani ya shingo, na huwekwa kabatini lingojee mnunuzi mwenye huzuni ya ujana wake. Ukuukuu ulikuwa mlango wa maskini. Soko limeung'oa mlango huo, likautia katika fremu na kuutundika ukutani kama pambo, kisha likamwambia maskini aje autazame.

Anayeishi kwa mitumba hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Anajua tofauti iliyopo kati ya suruali iliyochanika kwa kazi na suruali iliyochanwa kiwandani ikauzwa ghali kuliko nzima. Ya kwanza mwenyewe anaionea haya, anaitia kiraka. Ya pili mwenyewe anaringa nayo. Uhitaji wa mtu mmoja umegeuzwa urembo wa mtu mwingine, na aliyehitaji hakuulizwa.

Nitajibiwa, na majibu mengine yana haki. Nitaambiwa kwamba shingo iliyosuguliwa huteleza vizuri mkononi. Ni kweli, basi isuguliwe shingo, na kiwiko kiachwe. Nitaambiwa kwamba umbo la kale lenyewe ni uigaji, na kwamba nikilaani kovu sina budi kulaani kila besi inayofanana na ile ya mwaka 1957. Hapana. Tangu mwaka 1982 kampuni ya Fender imekuwa na safu ya Squier, iliyoanzia Japani, na viwanda vya Asia vimeuunda muundo ule ule wa kale kwa bei ambayo kijana wa kawaida aweza kuikusanya. Vyombo hivyo ni vipya, vinakiri upya wao, na vimewapandisha jukwaani watu wengi ambao wasingepata chombo. Umbo la kale kwa bei ya mnyonge ni fadhila. Kovu la kale kwa bei ya tajiri ni kejeli.

Jibu zito kuliko yote ni hili: panki yenyewe ilizaliwa dukani. Malcolm McLaren, meneja wa Sex Pistols, alikuwa na duka la nguo katika barabara ya King's Road, London, pamoja na mshoni Vivienne Westwood, na nguo zilizochanwa zilikuwa bidhaa yao. Je, kuna haki gani ya kulaumu kovu la gitaa na kulisamehe tundu la fulana? Ninakiri kwamba mwenye duka alikuwapo kitandani siku ya uzazi. Tena mtoto wao, Joe Corré, mwaka 2016 aliichoma moto hadharani, juu ya mto Thames, hazina yake ya vitu vya panki iliyokadiriwa kuwa ya pauni milioni 5, akilaani kwamba panki imekuwa kumbukumbu ya kuadhimishwa. Lakini iko tofauti. Fulana iliyochanwa ilimwambia kijana aliyeitazama kwenye kioo cha duka kwamba hana haja ya kuinunua: nyumbani kwao kuna mkasi na pini, na usiku ule ule anaweza kuchana ya kwake. Maelfu walifanya hivyo. Kovu la kiwandani linamwambia mtu asijisumbue, kwani amekwisha kuishiwa maisha yake na wengine. Lile la kwanza lilikuwa mwaliko wa kutenda. Hili la pili ni stakabadhi.

Mirathi ya kweli basi iko kwa nani? Iko kwa wale waliochukua ruhusa na kuacha mapambo. Bad Brains wa Washington, vijana weusi walioanza na muziki wa jazi, waliisikia panki wakaizidisha kasi kuliko wenyewe, kisha katikati ya tufani hiyo wakaingiza rege ya Kirasta, besi ya Darryl Jenifer ikivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila ya kuomba pasi. Albamu yao ya mwaka 1982 ilitoka kwa kaseti. Hawakufanana na mtu wa London hata kidogo, na kwa hiyo walikuwa karibu naye kuliko waigaji wake.

Na hapa barani mwetu, mjini Johannesburg, mwaka 1979, ndugu wawili weusi, Gary na Punka Khoza, mmoja besini na mwingine ngomani, waliungana na Ivan Kadey, Mzungu, wakaunda National Wake. Katika nchi ambayo sheria iliwapangia watu mitaa kwa rangi zao, kundi kusimama pamoja jukwaani na kuishi nyumba moja ulikuwa ni ukaidi kabla hata ya uzi mmoja kuguswa. Albamu yao ya mwaka 1981 ilipata shinikizo la serikali, na haukupita muda kundi likasambaratika. Nje ya Afrika Kusini wengi hawakuwasikia mpaka nyimbo zao zilipotolewa upya mwaka 2013. Atakayewasikiliza hatauliza besi ile ilikuwa ya mwaka gani. Atasikia watu walioweka kitu rehani. Ladha ya sauti ya panki ni hiyo rehani, wala haina jina jingine.

Kwa nini niyaseme haya kisiwani, katika kurasa za mashairi, mahali ambapo panki haijawa na ukumbi wake? Kwa sababu na sisi tuna msasa wetu. Nani katika Mji Mkongwe hajapata kuliona kasha jipya linalosuguliwa na kupakwa rangi ya giza, ili mgeni alinunue kwa jina la ukale? Hilo ni kasha, na mwenye kuliuza anatafuta rizki yake. Lakini liko pia shairi la namna hiyo. Mshairi wa leo, mzaliwa wa mjini, mwenye kupanda daladala na kuzungumza na watoto wake kwa simu, akikaa kuandika huanza kukwangua. Macho yake huwa mato, nchi yake huwa nti, njia yake huwa ndia. Si kwa kuwa vina vimemlazimisha wala maana imemwita, bali apate mng'ao wa zamani. Mshairi wa Lamu au Mombasa aandikapo mato anaandika lugha ya mama yake. Huyo simo katika kumsema, na kumsoma ni heshima kwangu. Ninamsema aliyeazima uzee. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hakutunga kwa Kimvita cha kale. Alitunga kwa Kimvita cha siku yake, juu ya vita vya siku yake, dhiki za siku yake na mapenzi ya siku yake. Ukale amevishwa na miaka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuitia sauti yake katika santuri, alisimama mbele ya mitambo mipya ya wakati ule, akaimba habari za mji wake. Mchakacho tunaousikia leo katika santuri hizo ni wa sindano na wa miaka, Siti hakuuimba. Mtu anayeutia mchakacho huo kwa kompyuta juu ya wimbo wa leo ili wimbo upate heshima, ameliiga vumbi akamwacha mwimbaji.

Sidai kwamba tuvitupe vya kale. Anayelichukua dabalbesi lililopasuka akaliziba, anayezifufua valvu za amplifaya iliyonyamaza, anayekusanya santuri kabla hazijavunjika, hao ni walinzi wetu na wanastahili kushukuriwa kuliko wanavyoshukuriwa. Lakini mlinzi hutibu jeraha, naye muuzaji wa makovu huliunda. Wawili hao wasichanganywe, hata wakikutwa wamesimama katika duka moja.

Kwa kijana mwenye kuitafuta ile sauti nina neno la mwisho, na linamhusu mshairi kijana pia. Chukua besi unayoweza kuipata, iwe ya kiwanda chochote, iwe inang'aa kama sahani mpya. Itie nyuzi mpya. Iunganishe na amplifaya yoyote iliyomo katika ukumbi ulio karibu nawe, uifungulie mpaka ilalamike. Kisha piga jambo ambalo usipolisema utaumwa, uwapigie watu ambao huenda wasikupende. Rudia kesho, na mwakani. Rangi itabanduka yenyewe. Na akija mtu baada ya miaka thelathini kukuuliza kovu lile la kiwikoni lilitoka wapi, utakuwa na la kumjibu.